Neno Dogo Katikati ya Majina

Kicheko kilifika kabla ya mwenye kicheko. Heche alikisikia nyuma yake, kikipenya ngurumo ya mashine ya kopi na kelele za wateja waliojaa kibandani kwake Nkende. Alipogeuka akaona gauni la kitenge cha njano, na macho yaliyokuwa yametua kwenye kompyuta yake.

Alikuwa akitengeneza kichwa cha ukurasa wa mtandaoni: Asali ya Mbalibali. Maneno makubwa aliyaandika kwa herufi za kawaida. Lile "ya" alilichora kwa mkono, likawa na mikia iliyojikunja kama vikono vya mmea wa maboga.

"Mura, kijana wewe, mbona mtumishi umemvika kuliko bwana wake?" binti akauliza.

"Makubwa yanajitegemea. Hili dogo ndilo linaloyashikanisha. Ukiliondoa, asali haina kwao."

Wegesa, muuza nguo za watoto sokoni, akaondoka akisahau kopi zake. Kesho yake akazifuata. Keshokutwa akaja bila sababu. Zikaanza simu za jioni. Yeye alimwita Heche Fundi wa Vidogo, naye Heche akamtungia beti na kumsomea simuni mpaka salio likakata.

Mwezi wa nne Wegesa akamwambia wazi: kuna watu wanatoka Nyansurura kumposa, basi amtume hata mjomba mmoja kwa baba yake. Heche hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa mahari. Kiburi kikamkaba. Aliona heri kunyamaza kuliko kwenda kuchekwa, akaacha kupokea simu. Wegesa akajua hatakiwi.

Siku aliyorudi kibandani aliletwa na kaka yake, Joel, kwa kuwa hapakuwa na fundi mwingine wa kurasa. Walitaka ukurasa wa kualika watu harusini: Wegesa na Ezra. Joel akasimama mlangoni akiongea na simu.

Heche akachora. "Na" likatoka zuri kuliko yote aliyowahi kuchora. Mkia mmoja ulilizunguka jina la Wegesa; wa pili ukaishia njiani, haukumfikia Ezra. Hakukusudia. Mkono ulikataa.

Wegesa akautazama sana ule mkia.

"Nilikusubiri," akasema chinichini. "Ungekuja mikono mitupu, ningesimama nawe mbele ya tata, baba yangu mwenyewe."

"Nikija leo?"

"Ng'ombe wa mahari yangu Joel amekwisha kuwapeleka kwa wakwe zake. Mkewe yuko jikoni kwetu sasa hivi, anasonga ugali. Nikikataa mimi, yeye arudishwe?"

Heche akamtazama Joel pale mlangoni, bwana harusi mpya, akicheka na simu yake. Akaushika ule mkia mfupi, akauvuta polepole mpaka ukagusa jina la Ezra.

Wegesa akageuza uso, akajifuta kwa kiganja. Akauliza kama ukurasa utafunguka kabla ya Ijumaa, wageni waijue njia.

"Utafunguka," Heche akasema. "Nakuahidi, Wegesa."