Hadithi Isiyokuwamo Kitabuni

Tak, tak, tak. Gizani, kabla hakujapambazuka, punje za mahindi zilikuwa zikidondoka kwenye ndoo ya plastiki. Theodory aliisikia sauti hiyo, akavuta blanketi hadi kichwani. Baridi ya Juni mjini Babati haina mchezo. Lakini mama yake alikuwa ameshaamka, anapukuchua.

"Theo, amka baba. Wenzako wakija wakukute umeshanawa uso."

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwamshe na Otilia."

Shule zilikuwa zimefungwa. Mahindi yalikuwa yameshatoka shambani Sigino, na akina mama wa mtaa wao pale Maisaka walikuwa wamekubaliana jambo. Watoto wapukuchue pamoja uani kwa Mama Theodory, na wakati mikono inafanya kazi, mmoja awasomee wengine kwa sauti kitabu cha hadithi walichoazima shuleni.

"Likizo ni ndefu," alisema Mama Theodory, ambaye naye jioni alikuwa akienda masomo ya watu wazima. "Mkikaa tu, mtarudi shuleni mmesahau hata mlichokuwa mnakijua."

Theodory alikuwa darasa la sita, mkubwa kuliko wote, kwa hiyo kazi ya kusoma aliichukua yeye. Aliipenda. Msomaji hapukuchui, na vidole vyake haviumi. Mama yake, akiwa jikoni akikoroga uji, alimwambia jirani kwa furaha, "Msikie mwanangu! Kama mtangazaji wa redio."

Shida ni kwamba Theodory hakuwa anasoma.

Maneno mafupi aliyaweza, lakini marefu yalimshinda. Siku ya kwanza alipokwama, Sosthenes, mtoto wa jirani, alicheka: "Mkubwa mzima! Gari limezama kwenye tope!" Tangu hapo Theodory alitazama picha tu, akatembeza kidole chini ya mistari, akatunga. Akamleta fisi. Akaleta harusi. Akamleta bibi aliyemfukuza fisi kwa mwiko, na watoto wakacheka hadi magunzi yakawadondoka.

Aliyemfuata kwa makini zaidi ni mdogo wake Otilia, wa darasa la pili. Alijibana ubavuni kwa kaka yake, macho hayabanduki kwenye kile kidole, midomo ikirudia kila neno kimyakimya.

Mchana mmoja mama alikaa nao ili wamalize gunia. "Leo nataka kumsikia mdogo," alisema. "Otilia, chukua kitabu."

Otilia akasimama, akanyoosha sketi, akaweka kidole chini ya mstari. Akasoma kwa sauti, bila wasiwasi wowote: "Fisi akaingia harusini bila kualikwa."

Mama alichungulia kitabu. "Hebu soma tena mama, polepole."

"Fisi akaingia harusini bila kualikwa."

"Mbona hapa pameandikwa, 'Brigita alichota maji akarudi nyumbani'?"

Sosthenes akaangua kicheko. "Otilia anasoma ndoto!" Wote wakacheka.

Otilia alitazama kitabu, akamtazama kaka yake, akasubiri aseme neno. Theodory aliokota gunzi akaanza kulipukuchua kwa nguvu, gunzi lisilokuwa na hata punje.

"Kaka alisoma hivyohivyo," Otilia alisema, sauti ikianza kutetemeka. "Kaka hakosei."

Uso wa Theodory ukawaka moto. Kama angemshtaki, ingekuwa afadhali. Mtoto alikuwa anamtetea.

"Mama," alisema akitazama chini, "Otilia hajakosea. Mimi nilikuwa natunga. Maneno marefu siwezi kuyasoma."

Mikono ya watoto ikasimama juu ya magunzi.

"Kwa hiyo yule bibi mwenye mwiko hayumo?" aliuliza Sosthenes.

"Hayumo."

Mama hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi, maana alikuwa ameshamsifu kwa mtaa mzima. Alipangusa mikono kwenye kanga. "Theo, kutojua siyo kosa. Mimi huyu, kule masomo ya jioni, nauliza maneno mbele ya vijana niliowazidi umri. Aibu naiona, lakini nauliza. Kosa lako ni kwamba mdogo wako alikuamini, ukamjaza maneno yasiyokuwepo. Angechekwa na darasa zima kwa ajili yako." Akageuka. "Na wewe Sosthenes, ukimcheka anayekwama unamfundisha kuficha. Kuanzia kesho kila mmoja anasoma kwa zamu na kila mmoja anapukuchua. Ukikuta neno gumu, unasema, tunalisoma wote silabi kwa silabi. Likizo ni ya kupumzika, siyo ya kujidanganya."

"Nisamehe, Otilia," Theodory alinong'ona.  Otilia alichukua kigoda chake, akaenda kukaa upande wa pili wa turubai la mahindi.

Kesho yake Theodory alipopewa zamu, Otilia alikuwa bado amekaa kule. Theodory alisoma mstari wa kwanza kwa shida, wa pili kwa shida zaidi. Kisha likaja neno refu. Picha ilikuwa ya mbuzi aliyepanda juu ya paa, na kutunga kungekuwa rahisi sana. Watoto walisubiri. Sosthenes alikuwa amebana midomo, hathubutu kucheka. Otilia akanyanyuka, akaja polepole, akachungulia kidole cha kaka yake.

 Kidole cha Theodory hakikusogea.

"Hili neno silijui," alisema.