Kaka Alimtoa Mama Eda Ili Nyumba Ipande Bei

"Toeni hilo godoro! Na huyo mwanamke naye atoke!"

Aliyesema hivyo ni kaka yangu Abasi. Saa nne asubuhi, mlango wazi, watu wa Isevya wanapita na vikapu vyao vya sokoni.

"Huyo mwanamke" ni mama yangu mzazi.

Na mama yangu alikuwa eda!!

Kwa wasiojua: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Nyumba aliyoishi na marehemu ndimo anamokaa. Hatoki hovyo, hajipambi, hakuna wa kumgusa. Hata mwizi wa Tabora enzi zile alikuwa hapigi hodi kwenye nyumba yenye eda.

Abasi alipiga. Tena siku moja tu baada ya arobaini ya baba!

Sasa mtaniuliza, bibi, una miaka sabini na sita, mambo ya mwaka sabini na moja unayaleta mtandaoni ya nini?

Nayaleta kwa sababu juzi kwenye grupu la ukoo, Amne, mjukuu wa huyo huyo Abasi, kaandika hivi kunihusu: "Bibi Zamda ndiye aliyetupotezea jumba la Isevya. Leo tungekuwa matajiri."

Watu wakaweka vicheko. Wengine wakaweka moto.

Nimekaa kimya miaka hamsini na kitu. Leo nasema, na sitanong'ona.

Baba yangu, Mzee Mfaume, alikuwa fundi wa milango. Milango ya mninga ya kuchonga, ile ambayo ukiufunga mmoja, nyumba nzima inajua umefungwa. Mwaka hamsini na nane akajenga jumba lake Isevya. Vyumba kumi, sakafu nyekundu unajiona uso, maji ya bomba ndani, baraza pana. Tabora nzima majumba ya namna ile ungeyahesabu kwa vidole.

Abasi alikuwa mtoto wa mke mkubwa, ambaye alishafariki. Mimi ni wa mke wa pili, Bi Kuluthumu. Wakati baba anafariki, Februari sabini na moja, mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mwalimu wa shule ya msingi, bado naishi pale nyumbani. Abasi alikuwa na arobaini kasoro, anaishi kwake na mkewe, na kazi yake ilikuwa udalali wa nyumba.

Dalali jamani! Mtu anakusalimia huku anaangalia paa lako.

Na ule ulikuwa wakati wao. Azimio la Arusha lilishakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, kwa hiyo wakubwa wengi walikuwa wanauza kwa haraka. Wenye fedha wakawa wananunua. Mabwana wa reli wakihamishiwa Tabora wanatafuta jumba zuri, hawalipati. Abasi alikuwa analala na kuamka na hesabu hiyo moja: majumba makubwa yanapanda.

Siku ile nilitoka shule mbio, mtu kaja kuniita. Nikamkuta mama amesimama uani, kajifunika nguo zake nyeupe za eda mpaka usoni.

"Shikamoo kaka," nikasema. Ndivyo tulivyolelewa, hata ukitaka kumrarua mtu unaanza na shikamoo.

Hakuitikia.

"Kaka, mama yuko eda!"

"Eda ni moyoni. Anaweza kukaa popote."

"Nani kakwambia hivyo? Shehe gani?"

"Zamda, nisikilize. Nyumba yenye mjane ndani haina bei. Mnunuzi akiingia akakuta mtu kajifunika nyeupe kwenye mkeka, anageuza. Nyumba yenye wapangaji wa maana, wanaolipa, hiyo ndiyo bei! Nikiuza kila mtu atapata haki yake."

"Umngoje amalize basi! Miezi mitatu tu imebaki!"

Akacheka. Yaani alicheka, nyie!

"Soko halikai eda," akasema.

Sentensi hiyo nimeibeba moyoni mpaka leo.

Mama alinishika mkono tukatoka. Kutoka Isevya mpaka Kwihara, kwa kaka yake, Mjomba Shilinde, ni mwendo wa saa mbili. Mjane wa eda, mchana kweupe, kwa miguu, kwenye njia ile ya zamani ya misafara. Wanaume waliokuwa wanakuja walipomwona wakashuka kwenye baiskeli zao, wakainamisha vichwa mpaka tukapita.

Nilikuwa nalia kwa hasira. Yeye hakulia. Aliniambia kitu kimoja tu njiani.

"Zamda, sikumaliza kumlilia baba yako."

Mjomba Shilinde alikuwa Mkristo wa Moraviani, lakini alituachia chumba kizima kwenye tembe lake, nyumba ya udongo ya paa la tope, mlango mpaka uiname. Akatundika kanga mlangoni, akawaambia watu wa nyumba yake wote, "Humu hapaingiwi." Mama akaendelea na eda yake pale.

Huko Isevya, Abasi akaingiza wapangaji. Wanne, wote watu wa reli wenye suti. Akamleta mthamini, akapima, akampa karatasi yenye mhuri: laki moja na elfu ishirini!

Mnajua alifanya nini na karatasi ile? Aliitia fremu! Akaitundika barazani, juu ya picha ya baba. Kila mgeni akifika anaonyeshwa.

"Someni wenyewe," anasema. "Laki na ushee. Hapa Tabora hamna."

Ikafika Aprili mwishoni.

Redio ikatangaza. Serikali inatwaa majumba ya kupangisha yenye thamani inayozidi laki moja. Jumba ambalo mwenyewe na familia yake wanaishi, hilo haliguswi. Na jumba lililozidi miaka kumi tangu kujengwa halina fidia.

Kwihara tulisikiliza kwenye redio ya Mjomba Shilinde. Mjomba akanitazama. Mimi nikatazama kanga ya mlangoni kwa mama.

Siku ya tatu, asubuhi, tukasikia sauti nje.

"Hodi hapa! Shikamoo mama mdogo!"

Abasi! Kasimama nje ya tembe, kofia mkononi. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimwamkia mama yangu.

"Mwangaluka," Mjomba akamsalimia Kinyamwezi, kwa baridi.

"Mjomba, nimekuja kumchukua mama mdogo. Haifai mjane kukaa eda ugenini. Dini inakataza. Arudi akamalizie kwenye nyumba ya marehemu."

Nyie!! Damu ilinipanda mpaka nikaona giza.

"Dini?!" nikamrukia. "Leo dini? Si ulisema eda ni moyoni?"

"Zamda, mdogo wangu, punguza sauti. Nyumba ya baba inakwenda! Afisa anakuja Alhamisi. Tukisema mnaishi pale siku zote, wewe na mama, wataiacha. Nyumba ya baba, Zamda! Ile milango aliichonga kwa mikono yake!"

Hapo alinipiga penye jeraha. Maana kweli, nyumba ilikuwa ya baba. Ikienda, imekwenda kwetu sote.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya kanga. Tulivu kabisa.

"Abasi."

"Naam mama."

"Mimi niko eda. Sitoki."

"Lakini mama mdogo..."

"Ulinitoa mara moja. Mara ya pili sitoki. Zamda, wewe nenda. Ukiulizwa, jibu unachoulizwa."

Hakuniambia niseme uongo. Hakuniambia niseme kweli.

Alhamisi nikaenda. Njia nzima nagombana na nafsi yangu. Nikisema naishi pale, nyumba inabaki. Inabaki kwa nani? Kwa Abasi, na mwaka ukiisha atatutoa tena. Nikisema siishi, baba yangu anapotea na milango yake yote.

Nawaambia ukweli wangu: nilipofika barazani nilishaamua kudanganya. Kwa ajili ya baba, nilikuwa tayari.

Ile fremu haikuwepo. Kulikuwa na msumari mtupu, na juu ya picha ya baba ukuta ulikuwa mweupe kwa umbo la karatasi. Wapangaji wote kawaambia wakae mjini mpaka jioni. Vyumbani katandika mikeka, jikoni kaweka chungu kimoja motoni, bila chakula ndani! Maji yanachemka peke yake.

Afisa akafika, Bwana Raymundi, kijana mpole wa faili na kalamu.

"Nani anaishi hapa?"

"Familia," Abasi akajibu haraka. "Mimi, dada yangu huyu mwalimu, na mama yetu mjane."

"Mama yuko wapi?"

"Chumbani, bwana. Yuko eda, huwezi kumwona. Ni dini yetu. Ila chungulia tu kwa mbali, uone kivuli chake."

Nikashtuka. Mama?!

Abasi akasogeza pazia kidogo. Ndani ya chumba cha mama yangu, kwenye mkeka, kulikuwa na mwanamke kajifunika nyeupe mpaka usoni, kaupa mlango mgongo.

Mabega yale niliyajua.

Mwanne. Mke wake! Mke wake mwenyewe, mwanamke ambaye mumewe yuko hai kasimama hapo mlangoni, kavishwa nguo za mjane!!

Kwetu kitu kile hakifanywi hata kwa mchezo wa watoto. Ni kumwombea mumeo kifo. Na ni kumdhihaki kila mwanamke aliyewahi kukaa kwenye mkeka ule kwa kweli.

Uongo wangu wote ukanikauka mdomoni.

Nikalivuta pazia mpaka likakatika.

"Mwanne! Toka!"

"Zamda!" Abasi akapiga kelele. "Una wazimu?!"

Mwanne akageuka. Uso umelowa machozi.

"Alisema ataniacha nisipokaa, wifi," akasema. "Nisamehe. Mwambie na mama anisamehe."

Akazivua zile nguo nyeupe pale pale, akabaki na gauni lake, akazikunja taratibu, akaziweka juu ya mkeka, akatoka.

Bwana Raymundi kashika kalamu hewani.

"Dada," akaniambia, "nakuuliza wewe. Unaishi hapa?"

Nikamtazama Abasi. Machoni ananiomba. Kwa mara ya kwanza kaka yangu mkubwa ananiomba kitu.

"Siishi hapa," nikasema. "Mama yangu yuko Kwihara, kwenye tembe, anamalizia eda yake. Huyu alimtoa siku moja baada ya arobaini, ili aweke wapangaji, ili bei ipande. Wapangaji wako mjini, wasubiri jioni uwaone."

Afisa akaandika. Akaandika tena. Kisha akafunga kalamu, akamgeukia Abasi, na maneno yale sijayasahau.

"Bwana Abasi, marehemu alifariki lini?"

"Februari, tarehe tatu."

Akahesabu kwa vidole. Mkatoliki wa watu, lakini kakulia Tabora, eda anaijua.

"Basi eda ilikuwa iishe Juni. Leo ni Mei. Ungemwacha tu mjane amalize eda yake, ningewakuta yeye na binti yake humu, hakuna mpangaji hata mmoja. Ningelifunga hili faili leo leo."

Umesikia, Amne?

Babu yako hakupokonywa jumba na mtu. Mjane mmoja, kakaa kimya kwenye mkeka wake, ndiye aliyekuwa analilinda. Babu yako akamtoa kwa mkono wake!

Nyumba ikachukuliwa. Abasi hakusema nami tena mpaka alipokufa. Ukoo mzima ukaniita msaliti, na mimi nikameza.

Lakini hamjasikia mwisho.

Mwaka uliofuata niliomba serikalini nyumba ya kupanga, kama watumishi wengine. Barua ikaja: vyumba viwili, Isevya. Nikasoma namba ya nyumba. Nikaisoma tena. Nikakaa chini kwenye vumbi la uwanja wa shule mbele ya wanafunzi wangu.

Ilikuwa nyumba ya baba! Na kimoja kati ya vyumba vile viwili kilikuwa cha mama.

Nikaingia kwa mlango wa mninga kama mpangaji, na ufunguo wangu, na barua yenye jina langu. Hakukuwa na Abasi wa kunitoa.

Eda ya mama ilishaisha zamani, aliimaliza vizuri Kwihara. Lakini siku tuliyohamia alioga, akavaa nyeupe, akaingia chumbani kwake, akatandika mkeka pale pale.

"Mama, unafanya nini? Eda imeisha!"

"Ya dini imeisha. Hizi ni zangu. Alininyang'anya siku themanini na saba, nimezihesabu."

Hakutoka siku themanini na saba. Mwanne alikuwa anamletea uji kila asubuhi bila mumewe kujua, anauweka mlangoni, anaondoka. Nilikuwa namsikia mama ndani akilia, polepole, kilio alichokosa njiani kwenda Kwihara.

Siku ya themanini na nane akatoka. Akakaa barazani chini ya picha ya baba, tuliyoitundika tena, karibu na ule msumari mtupu.

"Sasa," akasema, "Mfaume amezikwa."

Amne mjukuu wangu, somo ni hili, na wengine mlioweka vicheko mlichukue. Mkitaka kujua nyumba ina thamani gani, msimuulize dalali. Angalieni nani analia ndani yake, na nani anamtoa.

Nimemaliza. Haya, lipeleke na hili kwenye grupu.