Picha Zilizopigwa Ndani ya Mdomo

Kliniki ile ya meno ilitunza picha zote za wagonjwa kwenye kompyuta moja, nayo ilikaa stoo, kati ya maboksi ya glavu na ndoo ya deki. Fundi wa kompyuta hiyo aliizoea kama mtu anavyozoea jiko lake. Asubuhi hiyo alikuta kwenye folda ya picha faili moja ambalo hakuliweka yeye wala mashine ya eksirei.

Alilifungua. Yalikuwa meno, lakini yameonekana kwa nyuma, na mbele yake midomo iliyoachama kidogo ikiingiza mwanga. Aliyepiga picha hiyo alikuwa amekaa juu ya ulimi.

"Daktari, tumenunua kamera mpya?" aliuliza.

"Kamera gani, Mama Pengo, na balbu ya choo tu imetushinda?" daktari alijibu kutoka chumba cha pili.

Fundi alicheka, akalifuta. Kufumba na kufumbua, lilikuwa limerudi na wenzake.

Sasa, kila faili kwenye mashine za aina ile lina mwenyewe, kama daftari la shule linavyoandikwa jina la mtoto juu. Ukiiuliza mashine, itakutajia. Haya hayakuwa na jina. Palipotakiwa jina palikaa namba tupu, ya mtumiaji ambaye hakuwahi kuandikishwa. Hilo pekee halikumtisha. Mfanyakazi akiondoka na jina lake likafutwa, mafaili yake hubaki na namba. Lakini hayo huwa ya zamani, yaliyotulia. Haya yalikuwa yakizaliwa mbele ya macho yake.

Alitafuta chanzo pole pole, kama alivyofundishwa. Akakagua programu zilizokuwa zikifanya kazi; hakuna iliyoandika kitu. Akakagua kazi zinazojiendesha zenyewe, zote alizijua. Mwisho akachomoa waya wa mtandao. Kama ni mwizi wa mbali, njia imekatika. Mafaili yakazidi. Ndipo harufu ikamfikia: maziwa yaliyochacha, na pamba yenye damu iliyosahaulika kwenye pipa.

Hapo alikosea, na lilikuwa kosa la fundi hodari. Aliwaza kwamba asiye na jina ni vigumu kumwekea mipaka. Kwa hiyo akamwandikisha. Ile namba akaipa jina, "mgeni", akikusudia kumfungia milango yote mmoja mmoja. Na mashine, kama inavyomfanyia kila anayeandikishwa, ikamtengea mgeni folda yake mwenyewe, chumba chake cha kukaa.

Feni ya mashine ikanyamaza. Ilipoanza tena, haikuvuma. Ilitafuna.

Kwenye matundu ya hewa ulichuruzika ute wa kijivu, mzito, uliovutika kama mate ya mtu aliyelala fofofo, na ndani ya ute mlikuwa na nywele. Fundi alijifunika pua kwa kiwiko. Kwenye chumba cha mgeni kulikuwa na picha moja tu. Meno madogo, pengo la mbele, na kwenye ufizi ncha ya jino jipya iliyoinama kushoto. Alikuwa ameyapiga mswaki yeye mwenyewe, meno hayo ya mwanawe, asubuhi ile ile.

Alimpigia mama yake simu nyumbani. "Mama, Pengo yuko wapi?"

"Yuko hapa anatafuna."

"Anatafuna nini?"

Bibi alishusha sauti. "Nilikuwa nataka kukupigia, mwanangu. Sioni kitu mdomoni mwake. Na ananuka."

"Mlete kliniki. Asimeze!"

Walipofika, mtoto alikuwa ameinamia kanga ya bibi yake, taya zikienda bila kupumzika. Daktari alimkalisha kitini, akamtania kidogo, "Haya, simba, nionyeshe mdomo," akaingiza kioo chake, na utani ukamwisha, kwa maana juu, kwenye kaakaa laini la mtoto, meno mengine yalikuwa yameota kama punje za mahindi mabovu, ya njano na meusi, ya mtu mzima, yaliyolegea, yakisagana yenyewe kwa yenyewe, na katikati yake nywele zilizolowa zilijisokota kuelekea kooni. Mzee yule, aliyeangalia vinywa vilivyooza maisha yake yote, aligeukia sinki akatapika.

Fundi alikimbilia stoo. Aliiamuru mashine imfute mgeni. Ikamjibu kwamba mtumiaji huyo yumo ndani na kazi yake inaendelea. Akatumia mamlaka ya mkuu wa mashine kuiua kazi hiyo. Ikafa, ikafufuka. Akaua tena, ikafufuka.

Bibi alisimama mlangoni, kanga puani. "Umefanya nini humu?" alinong'ona.

"Nimempa jina, Mama. Na chumba."

"Basi mwenyeji wake ni wewe, hatamsikia mwingine. Mfuate humo humo umtoe. Mjukuu wangu anakabwa!"

Kulikuwa na njia moja tu ya kumfuata. Fundi alitoka kwenye jina lake mwenyewe, akaingia kwa jina la mgeni, na papo hapo kinywa chake kikajaa ladha ya sarafu na usaha, na kitu chenye unyevu kikapanda nyuma ya meno yake, kikipapasa, kikihesabu, naye akazima kazi ile kwa mkono wa mgeni mwenyewe, akafuta picha, akafuta chumba, na kila alichofuta aliona kama anakilamba sakafuni. Akatoka. Akalifuta na jina.

Feni ikavuma kama feni.

Chumba cha pili mtoto alikohoa, akalia kilio kizuri cha mtoto mzima, akaomba maji. "Safi!" daktari alipiga kelele, kioo mkononi. "Mama Pengo, hakuna kitu! Njoo uone!"

Fundi alikwenda. Pengo alimrukia shingoni, akaanza kumsimulia, akangoja jibu.

"Mama, mbona husemi?"

"Hebu kaa na wewe nikuangalie," daktari alisema, akivuta taa.

Fundi alitikisa kichwa. Alimshusha mwanawe taratibu, akampeleka mikononi mwa bibi yake, akarudi nyuma hadi ukutani, midomo ameibana kwa nguvu. Taya zake zilikuwa zimeanza kwenda.