Kiti cha Kaisa Kwenye Basi la Ufundi

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, moshi hupanda nyuma ya nyumba ya akina Kemppainen. Hapa Salmela kila mtu anajua maana yake. Sauna ya Bibi Aili imewashwa. Mwenye taulo na aje.

Sauna ni chumba kidogo cha mbao. Ndani mna jiko la chuma, na juu ya jiko mna mawe. Mawe yakipata moto unayamwagia maji. Mvuke hujaa, jasho hutoka, na maneno nayo hutoka. Kijiji chetu hakina gazeti. Gazeti letu ni benchi la juu la sauna ya Bibi Aili.

Bibi Aili ana miaka sabini na minane. Anaishi na mwanawe Randy, mkewe Randy anayeitwa Darlene, na mjukuu wake Kaisa. Wakati wa baridi Randy huendesha gari la kuondoa theluji barabarani. Kiangazi hufanya vibarua. Zamani alifanya kazi katika kiwanda cha mbao, hapa hapa kijijini, mpaka kilipofungwa. Darlene ni mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kaisa alikuwa na miaka kumi na sita mwaka ule. Alikuwa na mikono isiyotulia. Akiona mashine imekufa, lazima aifungue.

Jumamosi moja ya Juni wanawake waliingia kwanza, kama kawaida. Lakini jiko lilikuwa na ufa ubavuni. Randy alikuwa ameuziba kwa udongo wa kustahimili moto, udongo ukadondoka. Moshi ulivuja.

"Bibi, tutakufa humu," Kaisa alisema, akikohoa.

"Hufi. Mimi nilizaliwa humu humu."

"Ulizaliwa na moshi huu?"

"Nilizaliwa na adabu. Mwaga maji."

Mlango ukafunguliwa. Aliingia jirani yao, Lorna Beauchamp. Lorna alikuwa karani wa shule ya Salmela kwa miaka ishirini na miwili. Alistaafu mwaka uliotangulia. Alikaa, akapumua, kisha akamgeukia Darlene.

"Nasikia mnahama shule."

"Nani kasema?"

"Merle wa kituo cha mafuta."

"Merle naye! Mimi nilikwenda kwake kununua mkate tu."

"Ulinunua mkate, ukamwachia habari," Lorna alisema. "Haya, ni kweli?"

Darlene alijifuta jasho usoni. Akasema ni kweli. Fomu ilikuwa mezani jikoni. Walitaka kumhamishia Kaisa shule ya Harker, mji ulio maili arobaini kutoka hapa. Sheria ya jimbo letu la Michigan inaruhusu. Mtoto anaweza kusoma katika wilaya nyingine ya shule, kama wilaya hiyo ina nafasi. Siku ya mwisho ya kupokea fomu ilikuwa Ijumaa.

"Kwa nini Harker?" Lorna aliuliza.

Kaisa alijibu mwenyewe. "Kuna karakana ya kuchomelea vyuma. Kiwanda cha mbao kimenunuliwa, kinafunguliwa tena. Wanataka mafundi wa kuchomelea. Mimi nataka kazi ile, shangazi Lorna. Sitaki kuondoka Salmela kama wenzangu wote."

Lorna alimwaga maji juu ya mawe, mvuke ukawaziba wote midomo.

Baadaye, wanaume walipokuwa saunani, wanawake walikunywa kahawa jikoni. Randy alitoka mapema, mwekundu kama kamba aliyechemshwa. Alikaa na kumega pai ya nyama na viazi.

"Lorna, usianze," alisema. "Najua umekuja kuitetea shule yako."

"Shule si yangu tena. Mimi ni mstaafu, nalala mpaka saa mbili asubuhi. Nakuuliza tu, shemeji. Ulikwenda Harker ukaiona hiyo karakana?"

"Niliona picha kwenye tangazo."

"Tangazo! Hata jiko lako la sauna lenye ufa ukilipiga picha upande wa pili, litapendeza. Uliuliza kuhusu basi?"

Randy aliacha kutafuna. "Basi gani? Basi la shule lipo kwa kila mtoto."

"Kwa watoto wa wilaya yao. Soma nyuma ya fomu."

Darlene aligeuza fomu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, iliandikwa: *Wanafunzi wa kutoka nje ya wilaya watajitegemea kwa usafiri.*

Kaisa alikuwa na leseni, lakini gari la nyumbani lilikuwa moja. Wakati wa baridi Randy huondoka saa kumi alfajiri kwenda kufungua barabara. Na Darlene je? Zamu yake huanza saa kumi na mbili.

"Maili arobaini kwenda, arobaini kurudi, kwenye theluji," Bibi Aili alisema. "Labda umpe sungura ambebe."

"Mama, tafadhali," alisema Randy. Akamgeukia Lorna. "Sasa nifanye nini? Salmela inafungwa. Merle anasema jimbo limekata bajeti ya shule ndogo. Nikimwacha hapa, mwakani hana shule kabisa."

Lorna alivuta sahani ya pai.

"Merle alisikia nusu ya habari," alisema. "Sikiliza. Tulipokuwa watoto, shule ilitegemea zaidi kodi ya nyumba na mashamba ya kijiji. Kijiji tajiri, shule tajiri. Kijiji maskini, watoto wanavaa makoti darasani. Baadaye jimbo likabadili mpango. Sasa fedha nyingi zinatoka jimboni, na zinakwenda kwa hesabu ya watoto. Mtoto akihama, fedha zake zinamfuata."

"Hilo ni jambo zuri," Darlene alisema. "Fedha ni za mtoto."

"Ni zuri, na lina uzito wake. Fikiria karamu. Kila mtoto anakuja na sahani yake ya chakula. Watoto sita wakiondoka, sahani sita zimekwenda. Lakini jiko ni lile lile. Paa ni lile lile. Dereva wa basi ni yule yule. Kuni hazipungui kwa sababu wageni wamepungua."

"Kwa hiyo unasema tusihame."

"Sijasema hivyo. Beth Cloutier alimhamisha mwanawe. Yule mtoto alikuwa hasomi hata jina lake. Harker wana mwalimu wa watoto wa namna hiyo, sisi hatuna. Leo mtoto anasoma. Beth alifanya vizuri. Lakini Beth alikwenda mara tatu kuangalia na kuuliza, kabla ya kushika kalamu."

Randy alikuna kichwa. "Na bajeti iliyokatwa?"

"Mwaka huu jimbo limepanga upya bajeti yake. Fungu moja la shule ndogo limepunguzwa, kweli. Hiyo ndiyo nusu ya Merle. Nusu ya pili, fungu la kufundisha kazi za mikono limeongezwa. Wenye viwanda walisema wazi. Hawawezi kufungua milango bila mafundi. Sasa niwaulize neno la mwisho. Hiyo karakana ya Harker ni ya nani?"

"Ya shule ya Harker," Kaisa alisema.

"Hapana, mwanangu. Imejengwa Harker, lakini ni ya kaunti nzima. Kila shule ina viti vyake. Salmela ina viti viwili. Mwanafunzi anasoma hapa asubuhi, mchana anakwenda kule kwa basi la ufundi. Bure."

Kaisa alisimama. Kikombe kilianguka, kahawa ikamwagika juu ya fomu. Hakuna aliyeiokoa.

"Mbona hatujui?" aliuliza.

"Kwa sababu hakuna aliyeuliza miaka mitatu. Na sasa kuna shida. Jumanne bodi ya shule inasoma bajeti mbele ya watu. Wanatafuta pa kupunguza. Nimeona rasimu. Basi la ufundi wanalifuta, maana halina abiria. Basi likifutwa, viti vitabaki kwenye karatasi tu."

"Basi nenda ukawaambie!" Randy alisema.

"Mimi sina mtoto. Nendeni nyinyi."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Watu wetu husema kila kitu saunani. Mkutanoni husema hapana neno. Ndivyo tulivyo tangu mababu walipotoka Ufini kuja kuchimba chuma. Mkutano wa bajeti huanza saa kumi na moja jioni. Watu hufika saa kumi na mbili kasorobo, kahawa na keki zinapoletwa. Hula, husikitika, hurudi nyumbani. Jumamosi, juu ya benchi, hulaumu bodi mpaka mawe yapoe.

Jumanne ilipofika, akina Kemppainen walifika saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Bibi Aili alivaa koti lake la kanisani. Lorna aliketi nyuma yao. Ukumbini mlikuwa na wajumbe watano wa bodi na viti vingi vitupu. Merle alikuwepo, karibu na meza ya keki, akingoja.

Mwenyekiti wa bodi, Bwana Leland, alisoma kwa sauti ya kulaza mtoto. Mafuta ya kupasha moto jengo. Mishahara. Kutengeneza paa. Kisha akasema, "Basi la ufundi. Tunapendekeza liondolewe. Kuna mwenye neno?"

Randy alitazama viatu vyake. Darlene alimgusa kwa kiwiko. Randy aliendelea kutazama viatu.

"Randy," Bibi Aili alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika mpaka jukwaani, "saunani una mdomo kama tarumbeta."

Kaisa akasimama.

"Naitwa Kaisa Kemppainen," alisema. "Nataka kiti kimoja kwenye hilo basi."

Bwana Leland alishusha miwani. "Miaka mitatu hakuna aliyeomba."

"Hakuna aliyetuambia, bwana. Sisi tulikuwa tunahamia Harker. Tungehama, mngepoteza fedha zangu za mwaka mzima, kwa kitu ambacho mnacho tayari."

Wajumbe walitazamana. Mmoja alipekua karatasi.

"Basi kwa mtoto mmoja ni ghali," mjumbe mwingine alisema. "Tungekuwa na wawili, hapo tungezungumza."

Kaisa alibaki amesimama.

Lorna aligeuza shingo taratibu kuelekea meza ya keki. "Merle," alisema, "si binti yako Tiffany ndiye aliyefungua injini ya boti yako?"

Merle alikuwa ameshika kipande cha keki. Alikirudisha.

"Ni yeye," alisema. "Na akaifunga, ikawaka. Anataka ufundi. Ila anaona haya kusema."

"Amerithi kwa nani?" Bibi Aili aliuliza. Ukumbi ukacheka.

"Haya, mwandikeni," alisema Merle. "Tiffany. Kiti cha pili."

Bodi haikuamua pale pale. Waliuliza kaunti kama fungu la jimbo lililoongezwa linaweza kulipia mafuta ya basi. Alhamisi jibu lilikuja: litalipa nusu. Bodi ikakutana tena jioni hiyo, ikapitisha. Ijumaa, siku ya mwisho ya fomu za Harker, fomu ya akina Kemppainen ilikuwa imetandazwa chini ya sufuria. Ilikuwa na doa la kahawa.

Kabla ya kukikubali kabisa kiti hicho, safari hii Randy hakutegemea picha. Alimpeleka Kaisa Harker, wakaingia karakanani. Aliuliza masomo huanza mwezi gani, cheti kinatolewa na nani, na kama kiwanda kinakitambua. Mwalimu alimjibu yote. Randy alirudi akisema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima.

Jumatano ya kwanza ya Oktoba ni siku ya kuhesabu watoto shuleni, jimbo zima. Ni siku pia ambayo kulungu huwa wazuri msituni, na wawindaji wa upinde hawalali. Miaka mingine Randy humchukua Kaisa kuwinda siku hiyo. Mwaka ule alimshusha shuleni saa moja na nusu asubuhi, kisha akaenda msituni peke yake. Hakupata kitu. Hesabu ya shule ilikuwa watoto sabini na mmoja, wawili zaidi ya makadirio. Shule haikutajirika. Lakini haikufungwa, na mlango wake bado uko wazi.

Kiwanda cha mbao kiliwasha mashine Aprili. Si kama zamani, walipokuwa watu mia mbili. Waliajiriwa thelathini na wanne, na Randy alikuwa mmoja wao. Meneja alikwenda karakana ya kaunti kutafuta wanagenzi wa kiangazi. Alichagua wanne. Wawili walitoka Salmela.

Jumamosi ya mwisho ya Mei, Kaisa alirudi nyumbani na mashine ya kuchomelea aliyoazima kwa mwalimu wake. Alivaa kofia ya kukinga uso. Akawafukuza watu wote uani. Cheche ziliruka mlangoni mwa sauna kwa muda wa nusu saa. Kisha akatoka, mikono imejaa masizi.

Saa tisa moshi ulipanda, wote kupitia bombani. Wanawake waliingia wakajaa mpaka benchi la chini. Bibi Aili alipapasa ubavu wa jiko kwa macho, kutoka mbali. Ufa haukuwapo. Palikuwa na mshono wa chuma, haujanyooka sana, lakini mzima.

"Umepinda kidogo," alisema.

"Ni wa kwanza, Bibi."

"Hauvuji. Inatosha." Alichota maji, akamwaga. Mvuke ulipanda safi, na hakuna aliyekohoa. Darlene akaanza kusimulia habari ya mke wa Merle. Lorna akasema bajeti mpya ya shule ina mambo ya ajabu, eti wanataka kupunguza maktaba. Wote wakaanza kulaumu kwa pamoja.

Bibi Aili alipiga benchi kwa kata ya maji.

"Mkutano ni Jumanne, saa kumi na moja," alisema. "Atakayenyamaza huko, asije kuoga kwangu."