Korosho Mbichi za Wakala Filipo

Filipo alikutwa chumbani kwake, mtaa wa Ufukoni, amelala chali, amekufa, mdomo umeshindiliwa korosho mbichi na maganda yake. Midomo ilikuwa imebabuka kama iliyomwagiwa tindikali. Pembeni kulikuwa na ndoo ya uraka, pombe ya mabibo, tupu.

"Alilishwa akiwa hai," alisema daktari wa polisi. "Mafuta ya ganda yamemuunguza. Kilichomuua ni kukosa pumzi."

Mkaguzi Sabina aliinama. Shavuni mwa marehemu palikuwa na alama za vidole, za majivu.

Filipo alikuwa wakala wa ajira. Alizunguka vijijini akitafutia watu kazi katika kiwanda cha kubangua korosho, na ahadi mdomoni: bima ya afya, miwani ya kukinga macho, nyumba ya kulala. Watu wakafika, hakuna hata kimoja. Waliomchukia walijaa mji.

"Tuwakamate wote, afande?" aliuliza Konstebo Salumu.

"Kiwandani wanapaka nini mikononi wasiungue?"

"Mafuta ya nyonyo."

"Na majivu?"

"Hao wa kubangua nyumbani. Bibi yangu hivyo hivyo."

Kiwandani walitaja jina moja la aliyeacha kazi akarudi kubangua nyumbani: Amina wa kijiji cha Mahurunga. Aliajiriwa pamoja na bintiye, Zawadi. Mafuta ya ganda yalimrukia binti machoni. Kadi ya bima waliyopewa na Filipo ilikuwa ya bandia, wakahangaika nayo huku na huku mpaka binti akapofuka.

Sabina na Salumu waliwakuta kijijini, uani. Mikono ya mama ilikuwa myeupe kwa majivu. Binti alikuwa kando yake, anabangua kwa kupapasa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa, mwanangu."

"Filipo umemuua wewe?"

"Mimi. Nilimfuata twende kwa wakubwa wa kiwanda, aseme alichotuahidi, mtoto atibiwe. Kalewa. Akacheka! 'Bi mkubwa, kubangua kunataka macho? Si vidole anavyo!'" Amina alitema mate. "Nikasubiri asinzie. Nikasema naye alionje ganda."

"Ukajipaka majivu kwanza?"

"Sasa niungue? Mkono umeshazoea."

"Alikufa haraka?"

"Haraka ya nini? Alihangaika. Nami nikaongeza."

"Mwanamume mzima yule. Nani alikusaidia?"

"Mlevi hahitaji watu wawili. Nilikuwa peke yangu. Andika hivyo."

Salumu alimtazama binti. "Na huyu atabaki na nani?"

"Majirani wapo. Jela si mahali pa kipofu."

Sabina akamfunga mama pingu. Zawadi alisikia chuma, mikono yake ikasimama.

"Mama, unaniacha?"

"Nyamaza, Zawadi."

"Sinyamazi." Alinyoosha mikono yote miwili, akawatafuta askari hewani. "Afande, miguu ya Filipo niliikalia mimi. Mama alikuwa bado anashindilia. Mimi ndiye niliyemwambia basi, imetulia."