Alama Kando ya Upindo

Kila asubuhi binti wa marehemu fundi alifagia chumba, akawaogesha wadogo zake wawili, kisha akamtungia mama uzi kwenye sindano. Mama alishona kwa mkono siku hizi. Cherehani mbili za baba zilichukuliwa na baba mdogo, ambaye mahakama ilimteua kuwa msimamizi wa mirathi.

"Nakuhifadhia tu, shemeji," alisema siku ile akizipakia kwenye mkokoteni. Baadaye akadai zimeliwa na kutu, naye amezitupa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama hakumuuliza zaidi. Vidole vyake vilikuwa vimetobokatoboka, na wateja walianza kuhama mmojammoja.

Asubuhi moja, mstarini shuleni, binti alisimama nyuma ya rafiki yake aliyeitwa Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukupumzika. Chiriku alivaa sketi mpya. Kando ya upindo palikuwa na alama ndogondogo, kama pameng'atwa na panya.

"Mbona unanikagua kama askari?" Chiriku aliuliza.

"Nani amekushonea?"

"Mke wa baba yako mdogo! Ana cherehani mbili nyumbani kwake. Kwani hujui, na ni kwenu?"

Binti aliinama, akaushika upindo. Alama zile alizijua. Cherehani kubwa ya baba ilikuwa na jino moja lililovunjika, kati ya yale meno ya chini yanayosukuma kitambaa. Baba alizoea kutania kwamba cherehani yake inang'ata. Kazi ya binti ilikuwa kuzifuta alama hizo kwa kitambaa kibichi na pasi ya moto.

Jioni alimkuta baba mdogo mezani kwao, anakula. Alikula mpaka mafuta yakamchuruzika viganjani, akalamba kidole kimojakimoja. Kisha akafumba macho, akasali sala ndefu, akimwomba Mungu awalinde mayatima hawa. Alipomaliza tu, akachomoa karatasi mfukoni kwa vidole vilevile vyenye mafuta.

"Weka sahihi hapa, shemeji. Ni utaratibu tu."

Binti alichungulia begani kwa mama, akasoma: *Sisi warithi tumepokea mali yetu yote.*

"Mama, usitie sahihi! Cherehani hazikutupwa. Ziko kwake!"

"We mtoto, meza mate!" baba mdogo alifoka. "Wakubwa wanazungumza."

Mama aliweka kalamu chini. "Shemeji, umetoka kulitaja jina la Mungu sasa hivi, hata mate hayajakauka. Litaje tena, uniambie cherehani ziko wapi."

Baba mdogo alijifuta mikono kwenye kitambaa cha meza. "Msimamizi ni mimi. Neno langu ndilo la mwisho." Akatoka. Mama alikivuta kile kitambaa mezani kwa ncha za vidole, akakitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni.

Kesho yake walikwenda mahakamani. Karani, mama mmoja mwenye miwani, aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa nini hukumuuliza tangu mwanzo, dada yangu?"

"Niliona ni kumkosea adabu. Ni ndugu wa mume wangu."

"Msimamizi hajapewa mali iwe yake. Ameshikishwa tu, awagawie wenyewe. Mrithi ana haki ya kudai orodha ya kila kitu na kuambiwa kiko wapi. Akificha, mnaiomba mahakama imwondoe. Njoo tuandike ombi lako."

Siku ya kesi, hakimu aliamuru cherehani zote mbili ziletwe. Baba mdogo aliapa kwamba ni za mkewe, amezinunua.

"Mtoto, unaitambuaje ya baba yako?" hakimu aliuliza.

"Ile kubwa, jino la tatu kutoka kushoto limevunjika, mheshimiwa."

Fundi cherehani aliyeitwa na mahakama alifungua kibati cha chini ya sindano, akainama, akahesabu. "La tatu. Limevunjika kweli."

Baba mdogo alianza tena, "Mungu ni shahidi wangu..."

"Inatosha!" hakimu akamkata, uso umemkunjamana kama aliyenusa kitu kilichooza. Akamwondoa kwenye usimamizi palepale, akaamuru cherehani zirudishwe. Mama akateuliwa kushika nafasi yake.

Jumapili hiyo mama aliwakalisha watoto wote watatu, akawasomea orodha aliyoiandika mwenyewe: cherehani mbili, pasi, meza ya kukatia, kabati.

"Lakini wewe hatukushuku, mama," binti alisema.

"Hata kama. Mali hii nimeishika tu, na ninyi mna fungu ndani yake. Mimi nilidhani kuuliza ni utovu wa adabu, nikamwachia mwizi nafasi ya kutuibia huku akituombea. Basi ulizeni, kwa heshima, lakini ulizeni. Siku nikikasirika kwa kuulizwa, nendeni mahakamani mkanishtaki."

Kitindamimba alinyoosha mkono kama yuko darasani. "Na mkasi wa baba je? Sijausikia."

Mama alipitisha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Kweli, haukuwamo. Akachukua kalamu, akauandika.