Bwana Harusi wa Kisanduku Kitupu

Mwanzoni Nuzhat alidhani ni macho yake yamechoka. Kwenye jedwali la Excel, kisanduku cha jina la bwana harusi kilikuwa kitupu. Kwenye fomu ya ndoa iliyojazwa na skripti yake, programu ndogo aliyoiandika mwenyewe, mahali pale pale, palikuwa na jina.

Lilikuwa jina refu, la mtu na baba yake na babu yake, kwa herufi za Kiurdu zilizopinda vizuri kuliko zinavyotoka kwenye kompyuta yoyote. Hakuna mtu wa jina hilo aliyewahi kuandikishwa pale. Wenzake walikuwa wamekwenda kuswali adhuhuri. Feni ilizunguka juu ya kichwa chake na joto la Hyderabad lilikuwa limejaa chumba, lakini alisikia harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji, kama mtu amefagia hapo sasa hivi.

Ilikuwa ofisi ya kuozesha watu, juu ya duka la bangili. Mabinti wa mji wa zamani waliolewa pale na vijana walioko Jeddah na Dammam, kwa kutazamana kwenye skrini. Ilyas aliingiza majina kwenye jedwali. Skripti ya Nuzhat ililifungua jedwali hilo, ikasoma mstari mmoja baada ya mwingine, na ikajaza fomu yenyewe, mausi ikitembea bila mkono wa mtu. Mwisho kilitokea kidirisha kidogo: Binti amekubali? Kilitokea mara tatu, kwa sababu binti huulizwa mara tatu.

Asubuhi ile walikuwa wakiijaribu. Skripti hujaribiwa kwa mtu wa uongo, na Ilyas, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisema, "Mtu wa uongo wa nini na wewe upo? Jiandike mwenyewe, uone raha ya kuolewa."

Nuzhat akajiandika. Kwenye kisanduku cha mahari akacheka, akaandika: Ammi atembee. Ammi ni mama yake, Khurshid Begum, aliyekuwa amelala kitandani, upande mmoja umepooza, miaka mingi tangu apatwe na kiharusi, na Nuzhat ndiye aliyemgeuza asubuhi na jioni na kumlisha kwa kijiko.

"Na bwana?" akauliza Ghouse, muuza chai, akimkonyeza Ilyas. "Andika lako basi, shujaa. Au unaogopa mke wa kwenye kompyuta?"

Ilyas akawa mwekundu mpaka masikioni. Kila mtu alijua anampenda Nuzhat, na Nuzhat alijua zaidi ya wote. Lakini hakuandika jina lake. Kwa kuwa skripti ilikuwa na tabia ya kusimama ikikuta kisanduku kitupu, alibonyeza kitufe cha kuacha nafasi, ili idhani mna kitu ndani.

"Nafasi yangu hiyo nimeishika," akasema. "Ijumaa mama akija kwenu kuposa, nitaijaza."

Aibu tu. Angeandika herufi zake chache, hadithi hii isingekuwapo.

Mastan sahib, naibu wa kadhi, alikuwa kwenye kiti chake akichovya biskuti kwenye chai. Mzee huyo mchana aliozesha na jioni aliandika hirizi, na utani ulimpata hata yeye. Akajikohoza kikazi. "Nuzhat, binti wa marehemu Abdul Qayyum, umekubali?" Nuzhat akajifunika mtandio kichwani kwa madaha, akajibu nimekubali, akabonyeza. Mara tatu. Ilyas na Ghouse wakapiga makofi. Wanaume wawili, mashahidi wa kutosha, wamesikia kwa masikio yao.

Sasa alikuwa peke yake na jina lile. Akaufuta mstari, akaifunga kompyuta, akaenda nyumbani kabla ya saa za kazi kwisha.

Alipofungua mlango alisikia kitunguu kikikaangwa. Khurshid Begum alikuwa amesimama jikoni, sari imechomekwa kiunoni, mwiko mkononi.

"Mbona umesimama hivyo?" mama akasema. "Funga mlango, vumbi linaingia."

Nuzhat alimkumbatia miguu, akalia kwa furaha na kwa hofu kwa pamoja, na kwenye upindo wa sari ya mama yake aliisikia ile harufu ya udongo na maji.

Hakumwambia mtu. Angesemaje? Nyumbani mama alikwenda sokoni kwa miguu yake, akagombana na wauza samaki, akaimba. Ofisini skripti ilianza kukataa kusoma majina ya mabwana harusi wengine: kila mstari, jina lile refu. Nuzhat alipotandika kitanda asubuhi alikuta upande wa pili wa godoro umebonyea na una joto. Siku moja aliosha uso, akatazama viganja vyake, akakuta vimepakwa hina mbichi, maua madogo madogo ya bibi harusi, na hakukumbuka ni nani aliyemshika mikono.

Alhamisi Ilyas alimletea chai mezani.

"Kesho mama anakuja," akanong'ona. "Ameshanunua peremende. Usivae ile njano, atasema unaumwa."

Nuzhat alitaka kumwambia anyamaze, alitaka kumwambia asikaribie, lakini vidole vyao viligusana kwenye sahani ya kikombe, na harufu ikaja nzito ikamziba pua, na akauona mdomo wa Ilyas ukishuka upande wa kushoto polepole kama mtu anayefunga pazia, na jicho likalegea, na mguu wa kushoto ukamwacha, na akaanguka na chai yote huku akijaribu kulitamka jina la Nuzhat na likimtoka vipande vipande.

Kushoto. Upande ule ule wa mama yake.

Hospitali walisema ni damu iliyoganda kwenye ubongo. Nuzhat alimwonyesha Mastan sahib viganja vyake na lile jina. Mzee akakaa chini.

"Mahari uliandika nini?" akauliza.

Akamwambia.

"Na ikalipwa." Mastan sahib akajipiga kwenye paji la uso. "Ee Mola, nimeozesha mimi, kwa mdomo wangu na biskuti mkononi! Binti yangu, majini hawa hawana kitu chao cha kutoa. Wanahamisha tu. Kilichokuwa kwa mama yako kimepelekwa kwa yule kijana, kwa sababu alisema nafasi ni yake."

"Basi niachishe."

"Talaka ni ya mume, na huyu hatoi. Kwako wewe iko khului. Unarudisha mahari, unatoka. Kwa mara tatu, kama ulivyokubali."

Mzee alikuja nyumbani kwa Nuzhat Jumamosi baada ya alasiri, na ubani na maji ya kusomea. Walikaa kwenye kitanda cha kamba sebuleni. Jikoni Khurshid Begum alikuwa anachemsha chai na kuimba.

"Useme, narudisha," Mastan sahib akasema chini kwa chini. "Na usigeuke nyuma."

"Narudisha," Nuzhat akasema.

Wimbo ukakatika.

"Tena."

"Narudisha."

Kitu kizito kikaanguka jikoni, na sufuria nyuma yake. "Nuzhat!" Ni sauti ya mama, lakini tayari upande mmoja wa neno ulikuwa umelegea. "Mwanangu, mguu... mguu siusikii!"

"La tatu, binti yangu. Yule kijana anasubiri. Sema."

Alifungua mdomo. Alimwona Ilyas kwenye kitanda cha hospitali na mate yakimtiririka shavuni, na mama Ilyas akiyafuta, na peremende ambazo hazikuliwa, na alilijua neno na lilikuwa kwenye ulimi wake, na hapo hapo akaisikia sauti ndogo kutoka sakafuni, ile ile ya miaka yote ya kugeuzwa asubuhi na jioni, ikisema kwa aibu, "Niinue."

Nuzhat akavuta mtandio, akajifunika kichwa.

"Nimekubali," akasema.

Mastan sahib akafumba macho. Jikoni kukawa kimya, kisha mtu akacheka, akajikung'uta nguo, akaokota sufuria. Kamba za kitanda zikalia upande wa pili wa Nuzhat, taratibu, kama zinavyolia mtu anapokaa. Mzee alianza kukusanya ubani wake, na hakumtazama tena usoni.

Khurshid Begum akaingia na sinia, akitembea vizuri kabisa. Akampa mzee kikombe, akampa binti yake, akachukua chake. Cha nne akakiweka kitandani, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Hicho hakina sukari," akasema. "Ndivyo anavyokunywa."